Askari wa zimamoto kafia kazini, tufanyeje kwa familia yake? Mwongozo hatua kwa hatua

Kila akifariki askari wa zimamoto, polisi, nesi wa ambulensi au mzamiaji aliyeingia majini kuokoa watu, maswali ni yaleyale. Tuchange shilingi ngapi? Hela apewe nani? Mjane aanzie wapi kudai? Kumbukumbu tufanye lini na tualike nani? Nimeona niyajibu yote sehemu moja ili mtu akiuliza apewe hii asome mpaka mwisho, maana majibu ya nusunusu kwenye grupu yanapotea na familia ndo inayoumia.

Taratibu za fidia na mirathi nazozieleza hapa ni za Tanzania Bara. Kama uko Zanzibar, Kenya au kwingine, yale ya kukaa na familia yatakufaa vilevile ila ya ofisini uliza ya kwenu.

Na niseme msimamo wangu mapema ili tuelewane. Heshima ya kwanza kwa familia ya aliyefia kazini ni kuhakikisha haipotezi kilicho chake kisheria, ya pili ni kuendelea kwenda kwao watu wote wakishaondoka. Tisheti zenye picha, mashada, spika na hotuba vinakuja baada ya hapo, na kama hela ni ndogo, acha kabisa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Ruhusa ya familia. Ongea na mjane au mgane, au wazazi kama marehemu hakuoa, muulize anataka nini na nani awe msemaji wao. Bila hii usianze chochote.
- Watu watatu mpaka watano wa kuaminika. Mmoja wa karatasi na ofisi, mmoja wa hela, mmoja wa kukaa nyumbani na wafiwa. Huyu wa mwisho kama mfiwa ni mama basi awe mwanamke anayemfahamu, maana kuna mambo hatamwambia baba mtu mzima aliyevaa magwanda.
- Kaunta buku moja ya michango na matumizi.
- Faili gumu au bahasha kubwa za kaki, na hela kidogo ya kutoa kopi. Utatoa kopi nyingi kuliko unavyofikiria.
- Namba moja tu ya kupokea michango, ikiwezekana akaunti yenye watia saini wawili.
- Kalenda ya miaka mitatu. Nitaeleza kwanini.

Hatua ya 1: Hakikisha wafiwa wameambiwa na mtu, sio na simu

Kabla hujaposti "pumzika kamanda" na mishumaa, uliza kama mke na wazazi wameshaambiwa. Watu wengi sana wanajua mume kafariki kwa kuona picha yake kwenye stetasi ya mtu. Anayekwenda kutoa taarifa awe mkubwa wake kazini pamoja na rafiki wa karibu wa marehemu, waende wawili au watatu, wamkute mtu amekaa, na waseme wazi kwamba amefariki. Mkisema "kaumia kidogo twende hospitali" mnampa tumaini la nusu saa halafu mnamnyang'anya.

Picha za eneo la tukio futa. Ukiona mtu karusha video ya mwili muombe atoe, na kama ni grupu la kazini mkuu wa kituo atoe amri. Mtoto wa marehemu ana simu au atakuja kuwa nayo.

Hatua ya 2: Msibani, jua ofisi inabeba nini

Usikisie. Mtu wenu wa ofisi aende siku hiyohiyo kwa afisa utumishi aulize jeneza, sanda, usafiri wa mwili mpaka kijijini, mafuta, chakula cha waombolezaji, kipi kinalipwa na ofisi na kipi hakilipwi, na aandike majibu kwenye daftari pamoja na jina la aliyejibu. Kinachobaki ndo kamati ya msiba inakichangia. Nimeona misiba ambayo familia imekopa hela ya basi wakati ofisi ilishatenga gari, hakuna aliyeuliza tu.

Gwaride, saluti na mwili kupitishwa kituoni kwake kuagwa na wenzake ni mambo mazuri na yanafariji, lakini familia ndo iseme ndiyo. Muislamu anatakiwa azikwe mapema, msimcheleweshe kwa kumsubiri mgeni rasmi. Mlokole, Mkatoliki, Msabato, kila mmoja ana utaratibu wake, kaeni na shehe au mchungaji wa familia kwanza halafu ndo ratiba ya jeshi iingizwe humo.

Hatua ya 3: Michango

Namba moja, daftari moja, na mtu mmoja anayesoma hesabu mbele ya watu kabla ya kuondoka matangani. Gawa michango mafungu mawili tangu siku ya kwanza, fungu la mazishi na fungu la familia, na tangaza hivyo mapema kabisa. Msipotenganisha, zote zitaishia kwenye wali na maji ya chupa, na siku ya nne mjane anabaki na sahani za kuosha.

Fungu la familia likabidhiwe kwa mjane mwenyewe mbele ya mtu mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wake, asaini kwenye kaunta buku. Kama kiasi ni kikubwa msimkabidhi keshi pale msibani penye watu mia, nendeni naye benki siku zinazofuata. Na ile picha ya mfano wa hundi kubwa ya plastiki huku mama analia, nawaomba kabisa muiache. Anayetaka kuonekana ametoa, jina lake lisomwe kwenye hesabu, inatosha.

Hatua ya 4: Karatasi za kifo

Hapa ndo kazi yenyewe inapoanzia, na ndo panapokimbiwa.

Kibali cha mazishi mtapewa hospitali. Kile sio cheti cha kifo, wengi wanachanganya wanakitunza wakidhani wamemaliza. Cheti cha kifo kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, mnaomba ofisi ya mkuu wa wilaya au kwa mtandao kupitia eRITA. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, mkichelewa mlolongo unakuwa mrefu. Kama alifia nje ya hospitali anzeni kwa mtendaji wa kijiji au kata.

Kikitoka soma kila herufi palepale dirishani. Majina yafanane na ya kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, barua ya ajira na vyeti vya watoto. Herufi moja tu, Mohamed na Mohammed, inaweza kukuzungusha miezi. Halafu toa kopi na uzithibitishe kwa wakili au mahakamani, halisi ibaki nyumbani kwenye faili, usimwachie mtu halisi hata akiwa amevaa tai.

Sasa ushahidi kwamba alikuwa kazini. Huu unatafutwa wiki hizohizo za mwanzo wakati watu bado wanakumbuka na karatasi bado ziko juu ya meza. Ombeni kwa barua kopi ya zamu ya siku hiyo, maelezo ya tukio kutoka kituoni, PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) kama alipelekwa hospitali akiwa hai, ripoti ya daktari ya sababu ya kifo, na andikeni majina na namba za wenzake waliokuwa naye. Kama hakufa papo hapo, yaani alivuta moshi akalazwa wiki tatu au akaugua miezi ndo akafariki, basi maelezo ya daktari yanayounganisha ugonjwa na lile tukio ni dhahabu, bila hayo ofisi itasema amekufa kwa homa ya mapafu kama mtu mwingine yeyote.

Hatua ya 5: Fidia na mafao

Andikeni barua kwa mwajiri kuuliza swali moja: marehemu alikuwa kwenye mifuko ipi na nani anawasilisha madai? Mjibiwe kwa maandishi. Askari wa majeshi wana utaratibu wao unaopita makao makuu ya jeshi lao, na kila jeshi lina afisa wa kushughulikia hayo, mtafuteni kwa cheo na jina.

Kwa wengine wengi, nesi wa ambulensi, mlinzi wa kampuni, kikosi cha zimamoto cha kiwandani, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008. Mwajiri ndo anachangia, mfanyakazi hakatwi kitu. Mtu akifa kutokana na kazi kuna msaada wa mazishi na kuna malipo kwa wategemezi, na mwajiri ana wajibu wa kutoa taarifa kwa Mfuko. Mwisho wa kudai ni miezi 12. Kwahiyo ile tabia ya kusema "tusubiri kwanza arobaini ipite, tusubiri mama atulie" ina mwisho wake. Mama atulie ndiyo, wewe mtu wa karatasi usitulie.

Hii fidia haiondoi mafao yake ya hifadhi ya jamii. PSSSF kwa watumishi wa umma na NSSF kwa wengine ni kitu kingine, kina fomu zake na kinadaiwa pembeni. Nasisitiza kwasababu familia nyingi zinalipwa kimoja zinaambiwa "mmeshalipwa" zinakaa kimya.

Kama mwajiri ni wa binafsi na hakumsajili marehemu, nendeni ofisi ya Mfuko mkaripoti hivyohivyo. Kutosajili ni kosa la mwajiri, marehemu hana kosa.

Hatua ya 6: Mirathi

Ndugu zangu hapa ndo familia zinavunjika. Yule aliyekuwa anabeba kaka yake mabegani utotoni anakuja kugombania pikipiki yake na shemeji yake. Kazi yenu kama marafiki sio kuamua nani arithi, kazi yenu ni kuhakikisha utaratibu unafuatwa wazi na mjane yuko ndani ya chumba wakati wanaamua.

1. Kikao cha ukoo kinakaa, kinapendekeza msimamizi, kinaandika muhtasari na waliohudhuria wanasaini. Mjane ahudhurie na asaini. Kama yuko kwenye eda kikao kifanyike pale alipo, msitumie eda yake kumtoa kwenye maamuzi.
2. Mnafungua shauri mahakama ya mwanzo ya sehemu marehemu alipokuwa anaishi, kwa Fomu namba 1, mkiambatanisha cheti cha kifo na muhtasari. Ndoa ya Kikristo au ya serikali mara nyingi inapelekwa mahakama ya juu zaidi, muulizeni karani kabla hamjalipia kitu.
3. Mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi alete.
4. Msimamizi anateuliwa. Msimamizi sio mrithi. Narudia, msimamizi sio mrithi, ni mtu wa kukusanya, kulipa madeni na kugawa.
5. Ndani ya miezi minne anapeleka Fomu namba 5 yenye orodha ya mali na madeni, baadae Fomu namba 6 ya hesabu za mgawanyo.

Ile namba 5 ndo wasimamizi wanaisahau kwa makusudi au kwa uvivu. Wewe mtu wa karatasi weka tarehe kwenye kalenda umkumbushe kwa upole, na mjane ajue kwamba ana haki ya kwenda mahakamani kuuliza mbona miezi imepita.

Watoto wote wa marehemu waorodheshwe, hata wa nje ya ndoa, hata ambaye familia imemjua juzi msibani. Mkimficha leo atakuja na miaka 19 na mwanasheria.

Mkishindwa gharama za wakili, kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wako kwenye wilaya nyingi, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii. Pia LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) wanasaidia bure wasio na uwezo.

Hatua ya 7: Nyumba ya kota, mkopo, simu

Familia ikiwa kwenye nyumba za kambini itatakiwa kuhama, hilo lipo. Msisubiri barua ya kuondoka. Mwombe mkuu wa kituo kwa maandishi muda wa kutosha, angalau watoto wamalize muhula, na mkihamisha nendeni wenyewe mkabebe vitanda. Kazi ya mabega ya wenzake ni hiyo.

Mkopo wa benki: wengi wenye mishahara ya serikali wana mikopo na mikopo mingi ina bima inayolipa deni mkopaji akifariki. Pelekeni taarifa ya kifo benki mapema na muulize bima hiyo, msikubali mjane aanze kulipa rejesho kwa huruma kabla ya kujibiwa.

Simu ya marehemu iwe na chaji na laini isife. Humo kuna picha, kuna namba za wanaomdai na anaowadai, kuna ujumbe wa benki. Lakini usitoe hela kwenye M-Pesa yake hata kama unajua namba ya siri, hiyo ni mali ya mirathi na anayetoa anaweza kushtakiwa, msimamizi ataifuatilia kihalali.

Sare na vifaa vya kazi vinarudishwa ofisini. Kama mtoto anataka kofia ya baba au beji yake, mkuu wa kituo aombwe kwa barua. Msiache mtoto aone mtu anakuja kuchukua buti kwenye mfuko wa salfeti bila neno.

Hatua ya 8: Watoto

Ada shule za serikali hakuna, tangu 2016 mpaka kidato cha nne na tangu 2022 mpaka cha sita, kwahiyo ukisikia "tumemsomesha mtoto wa shujaa" uliza wamelipa nini. Gharama halisi ni sare, daftari, chakula, nauli, godoro na sanduku la bweni. Gawaneni hivyo vitu kwa majina, fulani viatu kila Januari, fulani nauli, kuliko kuahidi "tutawasomesha wote" halafu mwaka wa pili hakuna anayepokea simu.

Kwa anayekaribia chuo: bodi ya mikopo, HESLB, inataka cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA. Hakikini mapema akiwa kidato cha sita, dirisha la maombi likifunguliwa foleni inakuwa kubwa.

Na mwalimu wa darasa aambiwe. Mtoto akianza kusinzia au kupigana, mwalimu anayejua atamwita akae naye badala ya kumchapa.

Hatua ya 9: Siku ya kumbukumbu

Sasa ndo tunafika kwenye kile ambacho watu wanataka kuanza nacho.

Tarehe. Mna chaguo tatu zenye maana. Ya kwanza ni siku ya tukio. Ya pili, kwa wazimamoto, ni Mei 4, siku ya wazimamoto duniani. Ilitokana na msiba wa Linton, jimbo la Victoria huko Australia, Desemba 2, 1998, wazimamoto watano wa kujitolea walipofariki kwenye moto wa msitu baada ya upepo kugeuka ukawarudishia moto. Alama yake ni utepe mwekundu na wa bluu, mwekundu moto na bluu maji, mita kadhaa za utepe na pini tu mmemaliza. Ya tatu ni Julai 25, siku ya mashujaa ya taifa, ila siku hiyo serikali ina ratiba zake na viongozi wa wilaya hawatakuwa wenu. Mjane Muislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, kwahiyo msipange shughuli ya kumtoa nyumbani ndani ya muda huo, muulizeni yeye na shehe wake.

Mpangilio. Fupi. Saa moja inatosha. Dua au sala, majina, kimya cha dakika moja, king'ora cha gari la zimamoto kama mkuu wa kituo ameruhusu, mtu mmoja wa familia akitaka aseme, chai. Mtaarifuni mtendaji wa mtaa na kituo cha polisi mapema, na majirani waambiwe kuhusu king'ora wasije wakakimbia nje wakidhani kuna moto.

Majina yasomwe na familia. New York kila Septemba 11 wanasoma majina ya waliokufa 2001, wakiwemo wazimamoto 343, na wanaosoma ni ndugu zao, watoto ambao wengine hawakuwahi kumuona baba. Ndo jambo la kuiga. Mwanasiasa akija akae na wananchi wengine asikilize. Na kila mtu atajwe kwa jina lake kamili. Aprili 13, 2017 kule Kibiti mkoa wa Pwani polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa, na mpaka leo watu wakiongelea wanasema "wale wanane". Kwa mama mzazi hakuna wanane, kuna mmoja, ana jina na ana wimbo aliokuwa anaupenda. Kwahiyo kabla ya siku ile muulize familia: jina litamkwe vipi, lipi la nyumbani, apewe cheo gani, picha ipi itumike. Picha mara nyingi watachagua ile anacheka, sio ya magwanda, wasikilizeni.

Zawadi. Badala ya ngao ya kioo ya kuweka kabatini toeni kitu kinachozalisha. Rumangabo, kwenye hifadhi ya Virunga upande wa Kongo, ambako askari wa hifadhi wameuawa wengi wakiwemo 12 kwa siku moja Aprili 24, 2020, kuna karakana ya ushonaji ya wajane wa askari hao, wanashona na wanapata kipato. Cherehani moja na mtaji wa vitambaa, kuku na banda, friji ya kuuzia juisi, kutegemea mjane mwenyewe anaweza nini na anataka nini. Muulize, usimnunulie cherehani mama ambaye ni mwalimu.

Waliokufa wakijitolea wawekwe kwenye orodha hiyohiyo. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba Novemba 6, 2022, wavuvi ndo walikuwa wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Watu wa aina hiyo hawana mwajiri wala zamu iliyoandikwa, na mmoja wao akifa akiokoa, hakuna mfuko utakaoitafuta familia yake. Ina jirani zake tu.

Hatua ya 10: Kalenda

Mtu wa nyumbani ajaze kalenda ya miaka mitatu: kila tarehe ya kifo, kuzaliwa kwa kila mtoto, kufungua shule, Idi au Krismasi ya kwanza, matokeo ya kidato cha nne. Kila tarehe ina jina la mtu wa kwenda. Kwenda, sio kupiga simu. Ukifika usianze na "vipi mmeshasahau", kaa, kunywa chai, mtaje marehemu kwa jina, simulia siku fulani kazini. Watu wanaogopa kumtaja wakidhani wanatonesha kidonda, kumbe familia inachoogopa zaidi ni kwamba hakuna anayemkumbuka.

Makosa yanayojirudia

Kuongea na shemeji tu kwasababu ndo mwenye sauti. Kumpa mjane fomu asaini wakati analia. Kuahidi mbele ya kipaza sauti kitu ambacho hakijapita kwenye kikao. Kumtumia mtoto kwenye mabango ya michango bila mama yake kukubali. Kuwasahau wazazi wa marehemu, ambao mara nyingi ndo walikuwa wanatumiwa hela kila mwezi na sasa hakuna anayewauliza wanakula nini. Na kama walikuwa wanamtegemea, watajwe kwenye madai kama wategemezi.

Ikikwama

*Ofisi inasema faili halionekani.* Ndo maana kila barua mnayopeleka muwe na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Pelekeni kopi hiyo, ombeni majibu kwa maandishi, mkikaa wiki mbili bila jibu andikeni kwa ngazi ya juu mkiambatanisha ile ya kwanza. Msiende kugombana dirishani, mjane ndo atakayerudi pale.

*Majina yanapishana kwenye vyeti.* Mara nyingi inatatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Ulizeni ofisi husika wanakubali hati ipi kabla hamjalipia.

*Hawakufunga ndoa lakini waliishi pamoja.* Sheria ya Ndoa ya 1971 ina dhana ya ndoa kwa walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na wakajulikana kama mke na mume, ila inathibitishwa na mahakama na inaweza kupingwa. Atafutiwe msaada wa kisheria haraka. Haki ya watoto haisubiri hilo, vyeti vyao vya kuzaliwa vyenye jina la baba vitafutwe leo.

*Wake wawili wamejitokeza msibani.* Msichague upande na msiongee na waandishi. Rambirambi iliyotolewa kwa ajili ya watoto igawiwe kwa hesabu ya watoto wote, mengine yaende mahakamani.

*Msimamizi wa mirathi kachukua hela kajenga kwake.* Mrithi yeyote anaweza kwenda mahakama iliyomteua kuomba aitwe atoe hesabu, na mahakama ina uwezo wa kumuondoa. Nendeni na kumbukumbu za malipo.

*Michango imeisha na watu wamechoka.* Punguzeni mpaka kitu mnachoweza kweli. Watu watatu wakileta unga na mafuta kila mwezi kwa mwaka mzima, ni bora kuliko milioni iliyoahidiwa.

*Mjane hataki kumbukumbu wala kuongelea.* Basi hakuna kumbukumbu. Endeleeni na karatasi na watoto, mwaka unaofuata muulizeni tena mara moja. Ukiona halali usingizi, hali chakula, hatoki nje au anasema bora nimfuate, usimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo na afisa ustawi wa jamii ajulishwe.

*Mjane ameolewa tena na watu wanasema asipewe kitu.* Watoto bado ni wa marehemu na yeye bado ni mama yao. Yanayomhusu yeye kwenye fidia na mafao ulizeni kila mfuko kwa maandishi kanuni yake inasemaje, msikubali kauli ya mdomo ya ndugu wala ya karani. Na kwenye siku ya kumbukumbu kiti chake kiwekwe mbele palepale na watoto wake.